Maji Yaliyopanda Juu

Ndugu, jamaa na majirani, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, nimepewa kazi ya kusimulia maisha ya mtu ambaye hakuwahi kukaa kitako hata nusu saa, kwa hiyo nami nitajitahidi nisiwachoshe.

Baba alizaliwa tarehe 3 Machi 1949, katika chumba cha nyuma cha karakana ya useremala ya babu, akasoma shule ya msingi kuanzia 1957 hadi 1964, ambako walimu walimwita Kiguu na Njia, jina lililomganda hadi leo. Tarehe 1 Juni 1968 aliajiriwa kuwa karani wa dawati la maulizo katika stesheni ya reli, na mwaka 1974 akaanza kuandika kile kijitabu cha wasafiri cha mambo ya ajabu, ndani yake mkiwa na daraja linalovuma kama nyuki, kinyozi anayenyolea watu ndani ya behewa bovu, na ngazi ya vidato arobaini na kimoja isiyofika mlango wowote, ambayo aliipanda mara mbili kuhakikisha hesabu, maana sharti lake lilikuwa moja tu, jicho kwanza, kalamu baadaye.

Tarehe 12 Desemba 1976 alifunga ndoa na mama yetu, opereta wa simu hapo hapo stesheni, wakajaliwa watoto watatu. Sharti lile alilivunja mara moja, kwa ajili ya mama, aliyemweleza kwamba utotoni aliona maporomoko ambayo maji yake, upepo ukivuma, hupanda juu badala ya kuanguka. Baba akayaandika bila kuyaona. Wasafiri wakaenda, wakakuta maji yanaanguka kama maji mengine yote, barua za malalamiko zikajaa mezani, na mwaka 1988 mkuu wake akamwambia achague, habari ile au kijitabu. Akaifuta, tena akaomba radhi kwa maandishi kwamba msimulizi, yaani mama, alikuwa amekosea. Mama hakugomba, alisema tu, "Haya, mume wangu, umeamua," na tangu siku hiyo hakusoma tena ukurasa wake hata mmoja. Iliniuma nikiwa mtoto, na bado inaniuma.

Hapo ndipo baba alipokosa utulivu kabisa. Alikwenda kwenye maporomoko yale mara ishirini na sita, akirudi na viatu vilivyolowa na daftari tupu, na hata alipostaafu mwaka 2004, hata moyo ulipoanza kumsumbua Februari 2018, begi lake lilikaa tayari mlangoni.

Ijumaa iliyopita, tarehe 9 Agosti 2019, nilimpeleka mwenyewe, akasimama kule juu, akaandika kitu kwenye daftari, akalitia mfukoni mwangu, akasema, "Habari hii isomwe mbele ya watu, maana nilimfuta mama yenu mbele ya watu." Moyo wake ulisimama njiani tukirudi, saa kumi na moja jioni. Mama, nisamehe kukuficha daftari hili siku hizi tatu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, majirani mliotufungulia milango yenu, na wenzake wa stesheni, ambao wengi wenu mlimvumilia kuliko sisi. Nasoma sasa ukurasa wake wa mwisho, neno kwa neno:

"Saa nane na robo mchana. Upepo mkali. Maji yamepanda, yamenilowesha kichwa. Nimeona kwa macho yangu. Msimulizi hakukosea."

Baba, begi tumeshaliondoa mlangoni. Pumzika kwa amani.