Mama Gertrude na Kimya cha Somo la Kwanza

Ijumaa, tarehe 28 Juni 2019, Mama Gertrude Lwaboshi atazima kompyuta yake katika ofisi yetu ya Area 47, ataifunika kwa kitambaa chake cha maua kama afanyavyo kila jioni, na safari hii hatarudi kukifunua. Anastaafu baada ya miaka kumi na mitano katika Shirika la Makaribisho: minane ya kwanza katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, kwenye dawati la mapokezi, na saba iliyofuata hapa Lilongwe, akitunga masomo ya mtandaoni ya wafanyakazi wetu. Wahariri wa jarida hili wameniomba niandike habari zake kwa kuwa mimi ndiye fundi wa kompyuta niliyekaa naye meza moja miaka yote hiyo saba. Wameniomba pia niwe mfupi. Hilo la pili sikuliahidi.

Wengi wenu mnaijua sauti yake kuliko sura yake. Ni sauti ya chini, ya Bukavu, isiyo na haraka hata kidogo. Ndiyo inayowakaribisha wafanyakazi wapya katika somo la kwanza, lile la kumpokea mgeni. Inasema, "Karibu, kaa," kisha inanyamaza. Kwenye skrini hubaki kikombe cha maji juu ya meza, na mwanga wa dirishani unaosogea taratibu ukutani. Kimya hicho kinaendelea karibu dakika nzima. Kila mwaka mfanyakazi fulani hunipigia simu kuniambia mtandao umekatika, nami humwambia haujakatika, anywe maji na yeye. Masomo ya Mama Gertrude yana mengi ya kusifiwa, lakini moyo wake uko katika kimya hicho. Tangu alipojua tarehe ya kustaafu, jambo moja tu limemsumbua: kwamba siku akiondoka, nacho kitaondoka.

Alikitoa mbali. Kwao Bukavu, mashariki mwa Kongo, alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, mtaa wa Kadutu, mpaka vita vilipomtoa yeye na binti yake Madeleine. Mwaka 2002, katika kituo kimoja cha njiani ambacho hata leo hataki kukitaja, mtu mwenye kalamu alianza kumwuliza maswali kabla hajashusha mzigo kichwani. Jina, umri, atokako, mume yuko wapi. Alijibu yote. Anasema majibu yalitoka kinywani mwake kana kwamba ni ya mtu mwingine, na kesho yake hakukumbuka hata moja. Mtu yule aliandika, akaita anayefuata. Tangu hapo Mama Gertrude amekuwa na utani ambao si utani sana: kwamba Malawi lilifika jina lake tu, mwenyewe bado hajafika.

Kwa hiyo shirika letu lilipomwajiri Dzaleka, Machi 2004, jambo la kwanza alilofanya ni kuweka mtungi wa maji nyuma ya dawati. Kwao mgeni haulizwi neno kabla hajanywa. Alimvutia kila mtu kiti, akampa kikombe, kisha akakunja mikono na kutazama nje, kule milima ya Dowa inakopotelea katika ukungu, kana kwamba hana kazi yoyote duniani. Foleni ilirefuka, na wenzake waliguna. Siku moja nilikuwa chini ya meza yake nikifunga nyaya, karani mwenzake Ntwari akamwonyesha kwa kidole mzee aliyekaa kimya mbele yao, kwamba aanze kumwuliza. Mama Gertrude akamjibu kwa sauti ya chini.

"Umuache kwanza. Mwili njo imefika, roho iko mu njia bado."

Ntwari akaacha. Baada ya muda mzee yule akaanza kusema mwenyewe, na alisema mengi kuliko ambayo fomu yetu ingeweza kuyauliza.

Sasa nieleze alivyoingia katika mambo ya mtandao, maana hiyo ni sifa ya watu wa Dzaleka wote. Mwaka 2011 makao makuu yalinunua mafunzo tayari kutoka ng'ambo. Yalikuwa ya Kiingereza, yenye picha za ofisi za vioo na bwana mmoja mwenye tai aliyetabasamu bila sababu. Kila mfanyakazi alitakiwa kuyasoma peke yake na kufanya mtihani. Miezi ikapita, ripoti ikatoka: Dzaleka ni Ntwari peke yake aliyesoma, tena alisoma kwa saa nyingi kupita mfanyakazi yeyote wa Lilongwe, wengine wote hawakufungua hata ukurasa. Bambo Kamwendo, mkuu wetu wa utumishi, akafunga safari kwenda kuwasimamisha kazi wavivu na kumpongeza Ntwari.

Alichokikuta ni kompyuta moja, na wafanyakazi wote wameizunguka kama kwaya inayojifunza wimbo mpya. Mmoja alisoma kwa sauti, mwingine akatafsiri, wa tatu akabisha, na majibu yakatolewa kwa pamoja. Jina lililoingizwa lilikuwa la Ntwari kwa sababu kiti chake ndicho kilichokuwa karibu na kibodi. Ntwari alipoulizwa alishangaa kwa dhati.

"Mashini njo moja na siye tuko bengi," alisema. "Mutu atasoma peke yake namna gani?"

Bambo Kamwendo ni mtu wa haki, ila anapenda utaratibu. Alikaa pale akala nao nsima, ugali wa huku, akarudi Lilongwe bila kumsimamisha mtu kazi. Mwaka uliofuata Mama Gertrude alipatiwa kibali cha kazi cha Lilongwe na kazi mpya kabisa: atunge mafunzo yetu wenyewe. Alisema mafunzo ya kununua ni kama suruali ya mitumba, unaweza kuivaa, lakini magoti yanakumbuka mtu mwingine. Yetu angeyashona kwa kupima mwili wenyewe.

Akapima kweli. Alizunguka kwa kila mfanyakazi, kuanzia dereva mpaka mhasibu, akiwauliza si wanachokijua bali kinachowachosha. Alitembelea wakimbizi tunaowahudumia mtaa wa Chinsapo, akakaa kwenye vibanda vyao. Katika masomo yake, ukurasa wa kwanza huuliza, "Uko na nani?" na wote walioizunguka kompyuta huandika majina yao, hujadiliana pamoja, kisha kila mmoja hujibu mtihani wake kwa zamu, wenzake wakiwa wamegeukia ukutani. Makao makuu yalidhani watachungulia. Kwa uzoefu wangu, aliyechungulia alikuwa mmoja, naye alikuwa meneja.

Sauti tulizirekodi Dzaleka, katika chumba cha ushonaji, katikati ya marobota ya vitenge yanayomeza mwangwi. Jogoo wa jirani hakumezwa. Yumo katika somo la tatu mpaka leo, anawika mara tu baada ya maneno "usimkatize anayezungumza". Tulijaribu kumfuta, Mama Gertrude akakataa, akisema amejieleza vizuri. Na umeme au mtandao ulipogoma, nilibeba masomo kwenye flashi mfukoni, nikapanda kabaza kutoka barabara kuu, mwendesha baiskeli akipiga mluzi na vumbi likitufuata. Huenda sisi ndio shirika pekee ambalo masomo yake ya mtandaoni yalifika kwa baiskeli.

Kimya cha somo la kwanza alikitia yeye mwenyewe. Nilimweleza kwamba watu watadhani kompyuta imekufa. Akasema huo ndio mtihani, kwani mtu asiyeweza kungoja kompyuta hatamngoja binadamu. Alikaa mbele ya skrini akikitazama kikombe kile tulichokipiga picha, na mwanga ukihama, na mara nyingine nilihisi ofisi yote ya Area 47 imeelea na kwenda kutua mahali pengine, penye ziwa na mvua nyembamba. Sikumwuliza ni wapi.

Mwaka 2014 kikakatwa. Bambo Kamwendo aliona masomo ni marefu, akaagiza kila kisicho na maneno kiondolewe. Mama Gertrude alikuwa likizo. Aliporudi akakuta somo la kwanza limekuwa jepesi na la haraka, na ripoti zinang'aa kwa alama za juu. Hakugombana na mtu. Aliomba tu ruhusa ya kwenda Dzaleka kuona wanavyopokea wageni siku hizi.

Tulipofika pamoja, alimkuta nje ya mapokezi mama mmoja aitwaye Carmen Nduwimana, kutoka Burundi, ameketi chini ameegemea ukuta na watoto wake wawili. Alikuwa ameshahudumiwa. Karani kijana aliyesoma somo lililofupishwa alimsalimu vizuri, akamwuliza maswali yote kwa mpangilio, akaandika yote, akamwambia zikomo, yaani asante. Hakukosea hata kitu kimoja. Lakini Carmen hakuondoka, na alipoulizwa kama kuna tatizo, alijibu hakuna.

Mama Gertrude alikwenda ndani akachukua kikombe cha maji, akarudi, akakaa naye chini pale vumbini na sketi yake ya ofisi. Hakumwuliza neno. Nilikuwa nimesimama mlangoni, na nakiri nilichoka kusubiri kabla yao. Watoto walilala, kivuli cha ukuta kikawafikia miguuni. Ndipo Carmen akasema, akiutazama mkono wake, kwamba mama yake mzazi alishindwa kutembea, wakamwacha Karonga na homa, kwa watu wasiowajua, na kwamba hakuona mahali pa kulisema hilo, kwa kuwa hakuna aliyeliuliza.

Gari liliondoka siku hiyohiyo kuelekea kaskazini. Bibi alipatikana hai, dhaifu, akiwa amewaonya wenyeji wake kwamba chai yao haina sukari. Alipofikishwa Dzaleka, Bambo Kamwendo alikuwepo. Alimwona Carmen akimkumbatia mama yake, akatoka nje akafuta miwani yake kwa muda mrefu. Kesho yake alinijia mezani na kuniambia nikirudishe kimya mahali pake. Kisha akaketi akalisoma somo lile upya, na ilipofika dakika ile, mkuu wetu wa utumishi alikunja mikono yake akatazama dirishani.

Kuanzia hapo mambo yalikwenda vizuri. Masomo yakawa kumi na mawili, ya Kiswahili, Kichewa na Kiingereza, na mashirika mengine yalikuja kuomba kujifunza kwetu. Mama Gertrude aliwapa yote bila choyo. Nyumbani kwake Area 18 aliwafundisha majirani kushona, na kanisani aliimba sauti ya tatu. Pongezi aliziepuka kama watu wanavyoepuka mvua, kwa kuinamisha kichwa na kuongeza mwendo.

Lakini mwaka huu masomo yetu yanahamia mfumo mpya, na watakaoyatunza hawajawahi kukaa naye. Hofu yake ikarudi. Hakuhofia kwamba watakikata tena, kwani Bambo Kamwendo sasa anakilinda kimya hicho kama askari wa benki. Alichohofia ni kikubwa zaidi. Wote waliojifunza kungoja walimwona yeye akingoja. Je, mtu ambaye hajawahi kumwona atajifunza kwa kikombe cha picha? Kama hawezi, alisema, basi miaka hii saba tulikuwa tunapamba skrini. Nilimwambia masomo ni mazuri, akacheka, akasema hilo si jibu.

Jumanne iliyopita tulikwenda Dzaleka kuandaa sherehe ya kumuaga. Baridi ya Juni ilikuwa kali, ukungu umelala juu ya mabati, na watu wanatokea ndani yake mmoja mmoja na kupotea. Nilitangulia na nyaya za spika. Mama Gertrude alishuka nyuma, kitambaa kichwani, robota la vitenge vya kwaya mikononi, vumbi la njia limemjaa mpaka kwenye nyusi. Mapokezi alikuwepo Raïssa Bukeyeneza, aliyeajiriwa mwezi Mei. Alikuwa amemaliza masomo yote kumi na mawili. Mama Gertrude hakuwahi kumwona, na picha yake haimo hata katika somo moja, mwenyewe aliikataa.

Nilifungua kinywa kuwatambulisha. Nashukuru nilisita.

Raïssa alisimama, akamsaidia kulishusha robota, akamvutia kiti. Alisema, "Karibu, kaa." Akamimina maji. Kisha akaondoa mikono yake kwenye kibodi, akaikunja, akageuza macho dirishani, kwenye ukungu, kama mtu asiye na kazi yoyote duniani.

Mama Gertrude alishika kikombe kwa mikono miwili. Nilidhani atacheka na kujitaja. Hakucheka. Alikunywa kidogo, akatulia, akanywa tena, na machozi yakaanza kushuka bila sauti, yakikata njia katika vumbi la mashavu yake. Raïssa hakumharakisha wala hakumkodolea macho. Foleni ilianza kujipanga mlangoni, na hakuna aliyeguna. Mahali fulani nyuma ya vibanda jogoo aliwika, na pengine ni mjukuu wa yule wetu.

Hatimaye Mama Gertrude akaweka kikombe mezani.

"Sasa njo nimefika, mwanangu," alisema.

Raïssa aligeuka polepole. Sura hakuijua, lakini sauti ilikuwa imemkaribisha kazini.

"Mama," alisema, "ni weye wa mu somo."

Mama Gertrude hajatuuliza tena kuhusu mfumo mpya. Njiani kurudi Lilongwe alilala usingizi mzito, kichwa kimeegemea kioo, na dereva aliendesha taratibu kuliko kawaida yake.

Asante, Mama Gertrude, kwa masomo, kwa utani, kwa jogoo uliyemtetea, na kwa kutufundisha kunyamaza, kazi ambayo wengine wetu bado tunaurudia mtihani wake. Wafanyakazi wote wa Lilongwe na Dzaleka tunakuombea siku ndefu zenye afya na asubuhi zisizo na haraka. Na kila uendako, tunakutakia mtu wa kukuvutia kiti, akupe maji, na angoje.

Épitace Nahayo
Kitengo cha Mafunzo, Area 47