Pikapu Tatu na Jumapili Moja

Kijiwe hiki kiko nje ya duka la fundi redio, na benchi lake ni kiti cha nyuma cha basi, kilichong'olewa basi lenyewe lilipokata roho. Springi mbili zimetoboa ngozi, kwa hiyo kila mwenyeji anajua pa kukaa na pa kukwepa. Fundi wanamwita Lehemu, maana hata ukimletea ugomvi wa ndoa atatafuta pa kulehemu. Pembeni yake hukaa Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana. Wa tatu ni Dokta, muuza duka la dawa, ambaye udaktari hajausomea hata siku moja lakini hakuna tatizo lisilo na dozi kwake. Na Alhamisi hiyo, kahawa ikiwa imeshamiminwa vikombeni, katikati yao alikaa Solo, mtengeneza fremu za picha, amepakata gitaa la umeme lenye tundu tumboni.

Tundu hilo ndilo lililokuwa kesi. Hapo ndipo ilipokaa pikapu, kile kidude cha sumaku na waya kinachokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza. Dari la stoo lilimokaa gitaa lilikuwa limevuja masika yote bila mtu kujua, na pikapu ikaliwa na kutu ikafa. Muuza vyombo vya muziki alikuwa amemwazima Lehemu pikapu tatu za kuchagua, kwa sharti moja: saa nane anapita kuchukua mbili, kisha anasafiri mwezi mzima. Sasa ilikuwa saa saba na robo.

Na Solo hakuwa na mwezi mzima. Jumamosi yeye na mkewe walikuwa wanatimiza miaka thelathini ya ndoa. Alitaka kumpigia ile solo aliyoipiga Jumapili waliyokutana, kwa sauti ileile, bila kupunguza wala kuongeza. Hakuwa amemwambia mtu, lakini tangu watoto wahame, nyumba ilikuwa imenyamaza. Walikuwa wakila, wakiulizana kuhusu bili ya maji, wakilala. Aliogopa, na aliogopa kweli, kwamba mkewe ameshasahau alimpendea nini.

— Haya, fafanua, — Lehemu akasema. — Unataka ilieje?

— Ile ya muziki wa bluzi wa zamani. Ukigusa kidogo inanong'ona. Ukikaza mkono inakwaruza, kama mtu aliyelia jana.

— Basi ni hii ya koili moja, waya uliosokotwa mara moja tu. Inasema ukweli wote. Ila ukikaa karibu na taa inavuma.

— Inavuma? — Breki akadakia. — Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa jenga ukuta! Chukua ya koili mbili.

— Hiyo methali haina maana hiyo, Breki, — Lehemu akasema.

— Ina maana nzito kuliko unavyodhani. Koili mbili, moja inafuta mvumo wa mwenzake. Ndoa hiyo! Nene, tulivu, ya muziki wa roki kabisa.

— Nene mno, — Solo akasema. — Inameza maneno.

— Kuna hii ya tatu, — Lehemu akaiinua kwa vidole viwili kana kwamba ni yai. — Koili moja, lakini sumaku yake ni ya mtindo wa kizamani, dhaifu. Sumaku dhaifu haizivuti nyuzi, inaziacha zipumue. Tatizo ni kwamba bado ni mpya. Sumaku lazima izeeke. Mimi ningeizika ardhini miezi mitatu, nyuma ya friji bovu pale uani.

— Jumamosi ni keshokutwa!

— Ndiyo maana nasema ungekuja mapema.

Dokta akaacha kupuliza kahawa yake, akaweka kikombe chini, na hiyo huwa dalili mbaya.

— Nyote mnatibu homa mkaacha malaria, — akasema. — Sauti haitoki kwenye sumaku. Inatoka kwenye jasho. Solo alipokuwa kijana alikuwa na chumvi nyingi vidoleni. Chumvi inaingia kwenye nyuzi, nyuzi zinapata uchungu. Sasa ana presha, kakatazwa chumvi. Bluzi itatoka wapi?

— Kwa hiyo nile chumvi?

— Kijiko kimoja, mara mbili kwa siku, ukishamaliza kula.

— Mtamuua mtu wa watu! — Breki akapiga paja. — Nisikilizeni mimi niliyebeba vyombo vya bendi kwenye lori. Kilichobadilika ni umeme. Umeme wa siku zile ulikuwa mzito. Ukiwasha balbu, inakuangalia kwanza ndiyo inawaka. Huu wa leo mwepesi, umechujwa. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi!

Hakuna aliyejua mzazi huyo kaingiaje, lakini walitikisa vichwa. Saa nane kasorobo. Solo alizishika pikapu zote tatu kiganjani, akaona zinafanana tu.

Ndipo mkewe akatokea barabarani, mfuko wa sokoni begani.

— Baba watoto, umeondoka na ufunguo. Nimekaa mlangoni nusu saa kama mgeni.

— Karibu, shemeji! — wote watatu wakaitikia kwa pamoja, kwa ile sauti ya watu waliofumaniwa.

Solo alijaribu kulifunika gitaa kwa shati, lakini gitaa halifunikwi kwa shati. Mke akaangalia tundu, akaangalia kiganja.

— Hivi ni vidude gani?

Ikabidi aseme. Akaeleza dari, kutu, Jumamosi, na solo. Akaeleza mpaka Jumapili yenyewe: ukumbi umejaa, spika mbili kubwa, yeye kafumba macho anapiga, alipoyafumbua akamwona mbele kabisa, kitambaa cha njano kichwani, anamtazama yeye tu.

Mkewe aliweka mfuko chini.

— Mimi sijawahi kuwa na kitambaa cha njano.

— Sasa huyo alikuwa nani? — Breki akauliza, na Dokta akamkanyaga mguu.

— Mimi siku ile nilichelewa, — mke akasema. — Nilikuwa na zamu. Nilipofika umeme umeshakatika, watu wanatoka wananung'unika. Wewe umekaa juu ya kreti karibu na dirisha unapiga peke yako, gitaa waya wake umelala chini. Sikusikia kitu. Nikasogea, bado sisikii. Nikasogea tena mpaka goti langu likagusa kreti. Umesahau?

— Nakumbuka kreti. Nilidhani ulikuwa umesikia yote ya kabla.

— Sikusikia hata moja. — Akazichukua pikapu kiganjani mwa mumewe, akazipanga kwenye benchi, akamgeukia Lehemu. — Shemeji, wewe ndiye fundi. Kati ya hizi tatu, ipi inalia kama gitaa lililochomolewa?

Lehemu akaanza kuzifuta pikapu vumbi, moja moja. Dokta akatafuta dozi, akakosa. Breki akaanza, "Wahenga walisema…", na kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kile kianzishwe, akafunga breki.

Solo alikuwa anaona haya, na furaha ilikuwa inamjia kwa nyuma ya haya hiyo, asijue aanze na ipi. Miaka thelathini alikuwa anaamini alipendwa kwa kelele. Akaanza kukaza nyuzi zilizokuwa zimelegezwa, moja baada ya moja, tundu likiwa wazi vilevile. Mkewe akasubiri, hakuuliza ufunguo.

Akapiga. Pikipiki ikapita, jirani akafungulia redio, na katika makelele hayo gitaa lilitoa sauti ndogo kabisa ya nyuzi na mbao.

— Shemeji Breki, hebu nipishe hapo, — mke akasema. — Sisikii.

Breki akahamia kwenye springi, akakalia bila kulalamika.