Marehemu Yotham Chilongola, Msomaji wa Majalada ya Makampuni (1963–2025)

Mchungaji, ndugu waombolezaji, na ninyi majirani wa Nkuhungu mliosafiri nasi hadi hapa Gulwe, kwa niaba ya familia tunawasomea maisha ya ndugu yetu, kwa kadiri tulivyoweza kuyakusanya.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Agosti 1963 hapa hapa Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, akiwa wa kwanza kati ya watoto wawili wa mzee Elieza Chilongola, fundi wa njia ya reli, na mama Raheli, wa pili akiwa Geofrey. Alisoma shule ya msingi kijijini kuanzia mwaka 1971 hadi 1977, akaendelea na sekondari Mpwapwa hadi 1981, kisha akasomea biashara mjini Dodoma na kuhitimu stashahada mwaka 1986.

Mwaka 1987 aliajiriwa Dar es Salaam kama karani wa masijala, na mwaka 2003 aliacha kazi kwa hiari, akarudi Dodoma kufanya shughuli ambayo wengi hamkuielewa, na sisi nyumbani ndio kabisa. Mtu akitaka kufanya biashara na kampuni asiyoijua, marehemu alikwenda kwa msajili wa makampuni, akalipia ada ya upekuzi, akaomba jalada, akasoma wanahisa ni nani, mkurugenzi gani kajiondoa na lini, na taarifa za mwaka zimewasilishwa au zimerukwa. Mwanzoni alipanda basi hadi Dar es Salaam, mambo yalipohamia mtandaoni akawa anasomea sebuleni kwake. Alikuwa na mwiko mmoja, kwamba aliyeagiza upekuzi ndiye wa kwanza kusikia majibu, hata kama yanamgusa ndugu wa tumbo moja.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Debora Mlewa. Hawakujaliwa mtoto, ila kuanzia mwaka 2010 walimlea Tumsifu, binti wa Geofrey, aliyekuwa akisoma Dodoma, na nyumba ikawa na kelele za kutosha. Debora alifariki tarehe 30 Juni 2014.

Mwaka 2016 wakulima wa alizeti wa Mlali walimwomba aichunguze kampuni iliyotaka mashamba yao kwa mkataba wa miaka thelathini, na aliyewapelekea kampuni hiyo alikuwa Geofrey, mmoja wa wakurugenzi wake. Jalada lilionyesha kwamba wakurugenzi wengine watatu walijiondoa siku moja, na kwamba taarifa za mwaka hazikuwasilishwa kwa miaka mitatu, hivyo aliyeachwa abebe lawama zote ni Geofrey, naye hakuwa na habari. Tarehe 17 Septemba marehemu aliyasoma hayo mbele ya kaya sitini na mbili, mdogo wake akiwa ameketi mstari wa mbele, bila kumnong'oneza kwanza. Mashamba yalinusurika. Geofrey alisimama, akasema kwamba ndugu anayechimbua siri za ndugu yake si ndugu, akaondoka, na wiki iliyofuata akaja kumchukua Tumsifu. Hakujua kwamba jalada lile halikuwa siri, liko wazi kwa yeyote anayeliomba. Marehemu alipiga simu mwaka mzima, hazikupokelewa, akaacha.

Mwaka 2018 aligundulika kuwa na kisukari, na mwaka 2024 figo zikashindwa, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, akienda peke yake na kurudi peke yake. Alifariki tarehe 9 Mei 2025, saa kumi na moja alfajiri.

Tulipokaa kuandika historia hii, hakuna kati yetu aliyezijua tarehe, na ni aibu tunayoikiri. Jumamosi tarehe 10 Geofrey alikwenda nyumbani kwa marehemu, Nkuhungu, kutafuta vyeti, akakuta pia daftari lenye jina la kampuni yake mwenyewe, ya kusaga nafaka, aliyoisajili Kondoa mwaka 2017. Kumbe kila mwezi wa Machi, taarifa ya mwaka ilipopokelewa, kaka yake alilipia akaisoma. Mwaka 2017 ameandika, "Amefungua yake, sokoni." Mwaka 2019, "Amehamia Bicha, afadhali, sokoni kuna vumbi." Mwaka 2022, "Tumsifu ni mkurugenzi. Amekua." Mwaka huu, kuanzia tarehe 20 Machi hadi 6 Mei, kuna tarehe nne, na mbele ya kila moja neno moja tu, "Bado."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha kusafisha damu, jirani yake Mwajabu aliyempelekea uji kila asubuhi, wenzake wa kazi walioleta jeneza, na wakulima wa Mlali, waliokuja lori zima.

Aliyewasomea historia hii ni Geofrey. Kaka Yotham, taarifa ya mwaka huu sikuipeleka, nilikuwa mzima, nilikuwa Kondoa, nilisahau tu. Pumzika kwa amani.