Longinus Aliyeitikia Salamu

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Longinus Ntamwishimiro, fundi wa kiwanda cha unga wa muhogo huku Heru Juu. Longinus amefariki. Nimeombwa nisiseme amekufaje. Nitasema.

Longinus alikuwa mtu wa utani. Mashine ya kusaga aliiita mama mkwe. "Ukiikaribia uwe na adabu," aliwaambia wageni wa kazi. Lakini mashine hiyo haikuwa na kinga, na siku moja ikamkata mkono Recho, binti kutoka kijiji cha Kabanga. Wafanyakazi wakagoma, wenyeji na wakimbizi wa Kirundi na Kikongomani pamoja. Kiongozi wao alikuwa Longinus.

Hapo ndipo alipokosea. Ili vibarua wapya wasiingizwe, aliwaita vijana wa kijijini walinde lango, kama tunavyoitana kulinda mahindi dhidi ya ngedere. Wakaja na vitambaa vyekundu mkononi, wakajiita Ngao. Tajiri wa kiwanda naye akaanza kuwalisha nyama, akawavuta upande wake. Basi wimbo ukabadilika. Adui si mashine tena, adui ni Mrundi na Mkongomani. Wakapiga marufuku hata kuitikia salamu zao. Jamani! Sisi Waha, tunaosalimiana kwa kuinama na kupiga makofi mpaka mgeni anachelewa safari!

Asubuhi moja akafika langoni mama Manirambona, mmenya muhogo. Kazaliwa hapahapa, jina tu la Kirundi ndilo lililomponza. Akasalimu. Watu wakatazama chini. Longinus akainama, akapiga makofi taratibu, akaitikia kwa Kiha chetu: "Mwakeye, mama. Watoto hawajambo?"

Ngao wakampiga palepale. Wenzake, wale aliowapigania, walitazama. Longinus alifia hospitali.

Mjane wake, Josephina, aliniambia: "Nilimsihi siku marufuku ilipotoka, nikamwambia, baba Gasper, nyamaza tu, yatapita. Akasema, nikimnyamazia mama Manirambona, kesho nitamwitikia nani?"

Mgomo umekwisha. Mashine bado haina kinga. Na msibani, wasikilizaji, waliobeba jeneza ni Ngao haohao. Mkuu wao akamtaka mjane atoe shukrani. Josephina akashukuru. Angefanyaje? Gasper, mwanawe wa pekee, alikuwa amesimama kwenye mstari wao, kitambaa chekundu mkononi. Nimeumia, sifichi.

Pole, Josephina. Pole, mama Manirambona, ambaye hakuthubutu kuja kuzika. Nawe unayenisikiliza, leo ukikaa kula na wanao, waulize wanamfuata nani. Waulize wakingali wanakujibu.