Mchungwa wa Shangazi Taratibu

Basi ndivyo ilivyo, jamani. Tulilokuwa tukilinong'ona kwenye chai ya saa nne limekuwa kweli: Shangazi Taratibu alituaga rasmi tarehe tano mwezi huu, baada ya miaka ishirini na tisa katika kitalu chetu cha miche. Nimepewa mimi kazi ya kuandika kwa sababu, wanasema wenzangu, tangu niolewe kila kitu nakiona kizuri. Sibishi. Lakini huyu mama ni mzuri hata kwa macho ya ambaye hajaolewa.

Alianza kwa kujaza udongo kwenye vifuko. Kisha akajifunza kubebesha, yaani kuunganisha jicho la mchungwa mtamu kwenye shina la mlimau, na miche aliyoibebesha yeye ilikuwa ikiisha kabla hatujaipanga mezani. Kitalu kilipoanza kuhudumia miti ya matunda majumbani, idara hiyo ikawa yake mpaka juzi.

Jina la Taratibu alipewa na dereva wetu. Kabla hajakata hata kijiti, Shangazi hukaa chini ya mti na chupa yake ya chai, akatazama juu, mwanga ukimchezea usoni, kama mtu anayeota macho wazi. Anasema anautafuta upande ambao jua linataka kupita. Dereva humuuliza kama mti unapogolewa au unachumbiwa, naye humjibu kwamba yote mawili, na mshenga hapigi honi.

Wateja wake wanaijua kalenda yake kwa moyo. Mavuno yakiisha, anaondoa matawi makavu na machipukizi yanayosimama wima kama askari wa gwaride bila kuzaa chochote. Mvua zikikaribia, ni samadi, lakini mbali na shina, pale kivuli cha majani kinapoishia, maana huko ndiko mti unakokula. Na kiangazi, kwa mchungwa uliokomaa, ni kuweka mpira wa maji chini. Mti uachwe ulale na kiu kidogo, ili mvua ya kwanza ikiugusa uamke na maua. Ukimwagiliwa kila siku hunenepa majani tu.

Sasa niseme lile ambalo yeye na mkwe wake wameniruhusu kulisema, mkwe akicheka huku amefunika uso kwa viganja.

Nyumbani kwa Shangazi upo mchungwa mmoja, alioupanda na marehemu mumewe mwaka walipooana. Misimu mitatu haukuzaa hata chungwa moja. Mwanawe, fundi ujenzi na mtoto mwenye huruma, alitaka kumjengea mama chumba cha kupumzikia uzeeni, na mahali palipo sawa ni hapo ulipo mti. Akasema ataungoja hadi mvua hizi. Usipotoa maua, analeta msumeno.

Shangazi alijua kinachouzuia mti wake. Mke wa mwanawe, tangu aletwe pale bibi harusi, kila jioni alimwaga maji ya kusuuzia nguo kwenye shina, kwa upendo wote, ili mama mkwe akirudi amechoka asiguse ndoo. Shangazi, aliyewaambia wateja madaktari na walimu wakuu waache kumwagilia, alishindwa kumwambia binti yule. Mama wa chai hapa kazini alimgombeza waziwazi kuwa atapoteza mti kwa sababu ya kuona haya. Akajibu kwamba machungwa ameshakula miaka mingi, lakini mtu wa kufurahi akimwona anaingia mlangoni ndiyo kwanza amempata. Nilipomsimulia mume wangu maneno hayo, aliinuka kwenda kuniandalia chai. Jamani!

Kiangazi kilichopita, Shangazi alimwomba mkwe wake afuatane naye kwa wateja, amsaidie kushika ngazi. Katika bustani ya mwalimu mmoja mstaafu, alieleza habari za kiu ya mchungwa kama kawaida yake. Dereva anasema binti alirudi akitazama dirishani njia nzima, hakucheka hata kwa utani wake mpya. Jioni hiyo maji ya kusuuzia yalimwagwa kwenye mboga.

Mvua ya kwanza ikanyesha. Siku zikapita, majani matupu, na msumeno wa kuazima ukaning'inia ukutani. Sisi hapa tulishindwa hata kumuuliza. Ndipo katika wiki yake ya mwisho, Shangazi, asiyejua kuchelewa, akachelewa. Aliingia bandani polepole, petali nyeupe zimemkaa mabegani, na harufu ya maua ya mchungwa ikatangulia hadi kwenye meza yangu ya mauzo. Alikaa akitabasamu peke yake, nasi tukamwacha kwenye ndoto yake.

Msumeno umerudi kwa mwenyewe. Chumba kinajengwa upande wa jikoni, na fundi amekiwekea dirisha linalouelekea mti.

Shangazi, asante kwa kila mche na kila mzaha. Tunakuombea mapumziko marefu yenye afya, na asubuhi zisizo na haraka. Mume wangu ana hamu ya kukuona mpaka ananisumbua. Mwezi huu hauishi kabla hatujabisha hodi hapo kwako.