Pini ya Sita

Kaeni chini, wanangu. Odyek, usisimame mlangoni kama askari wa zamu, wewe ndiye mkubwa, njoo karibu. Na wewe Akot, acha hilo dirisha. Tangu Jumapili unalifungua na kulifunga ukisema chumba kinanuka, lakini harufu hiyo haitoki nje wala haitaondoka kwa upepo, na nitawaambia inatoka wapi nikifika. Simu ziwekeni juu ya kabati. Mashine hii ya hewa inanisaidia kupumua, hainisaidii kupiga kelele, kwa hiyo msinikatize. Nimewaita mchana kweupe kwa sababu ninayotaka kusema sitaki yasemwe na watu wengine siku ya mazishi, nataka niyaseme mimi mwenyewe, Otema, kwa mdomo huu huu.

Mali mnaijua. Nyumba hii ya Kasubi na karakana iliyo uani ni yenu wawili, nusu kwa nusu, na asije shangazi wala mjomba kuwapimia ukuta. Shamba la Kitgum ni la Akot, na mtu akisema mwanamke hapewi shamba, mwambieni muzei alisema hivyo akiwa na akili zake timamu na hasira zake zote. Kaburi langu liwe huko, kando ya mama yenu Nakhisa, aliyeacha kwao Bungoma akakubali kulala katika udongo wa Waacholi, mwanamke aliyenifundisha Kiswahili cha kuongea na mke, maana mimi nilikuwa na kile cha kambini tu, cha amri na matusi. Hayo yameisha. Mali ni jambo dogo. Jambo kubwa ni kile kilichotoka katika karakana yangu.

Mnajua nilitoka jeshini nikiwa fundi wa umeme mwenye vidole vitatu katika mkono wa kushoto, viwili nikiwa nimeviacha porini, na kwamba nilianza kutengeneza konekta kwa sababu zile zilizokuwa zikiuzwa mjini zilikuwa takataka. Lakini ninyi mlikua mkiziona konekta kama wengine wanavyoona unga nyumbani kwao, hamkuuliza. Leo ulizeni. Konekta yangu, ile ya kuunganishia nyaya za umeme ukutani, ni kitako cha plastiki chenye pini sita za shaba zilizosimama, na kifuniko chake kinashuka na kuzibana zote sita kwa pamoja. Kazi yote ipo katika kimo. Pini zikiwa na kimo kimoja, kila moja inabanwa sawasawa na umeme unapita kimya. Moja ikiwa fupi, hata kwa unene wa karatasi ya kusokotea sigara, kifuniko kinazilalia zile tano na ya sita kinaigusa juujuu tu. Mteja anawasha taa, taa inawaka, anakwenda zake akifurahi, na kumbe pale juujuu pana joto. Linachemka siku hiyo, linachemka wiki hiyo, plastiki inaanza kulainika, na mwenye nyumba analala.

Ndiyo maana nilikuwa na kile kipimo. Kile kidaraja cha chuma chenye miguu miwili, mlichokuwa mkiniona nikikipaka mafuta asubuhi kabla ya chai. Nilikichonga mwenyewe kwa tupa. Unakisimamisha juu ya kitako, unakipitisha juu ya pini, na kila pini lazima ikiguse kidogo, isikikwamishe wala isikikose. Na sheria ya karakana ilikuwa moja, kwamba kipimo hakishikwi na mtu mwingine ila Otema. Nilijivunia sheria hiyo! Wafanyakazi waliingia na kutoka miaka kumi na minne, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kukigusa. Sasa sikilizeni ujinga wa baba yenu. Mkono wangu wa kushoto hauna nguvu. Kila nilipokipitisha kile chuma, nilikuwa nakikandamiza kwa mkono wa kulia, konekta baada ya konekta, miaka kumi na minne, mguu wa kulia ukilika polepole na wa kushoto ukibaki mzima. Kipimo kikaanza kuinama upande wa pini ya sita, na mimi nikaendelea kukiamini. Angekishika mtu mwenye mikono miwili mizima hata mara moja kwa mwezi, angejua.

Na mmoja alijua. Sadik. Mnamkumbuka Sadik, aliyekaa nami miaka tisa, aliyewaletea ninyi mandazi kila Idi. Asubuhi moja nilichelewa kutoka hospitali nikamkuta amekisimamisha kipimo changu juu ya kioo, na chini ya mguu wa kulia anapitisha karatasi ya sigara, inaingia na kutoka. Akaniambia kwa upole, "Muzei, kimelika. Pini za sita zinatoka fupi tangu Pasaka." Bambi, maskini, mtu aliniambia kwa upole! Nami nilimpiga kofi mbele ya wenzake, nikamwita mwizi, nikamwambia anataka kuniharibia jina ili afungue karakana yake, nikamfukuza siku hiyo hiyo. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku ile mkuu alikuwa Sadik, na mimi ndiye niliyekuwa mtoto mkaidi. Jioni, watu walipoondoka, nilichukua karatasi nikaipitisha chini ya ule mguu mwenyewe. Iliingia.

Hapo bado ningeweza kupona. Ningetoka nikaita watu. Lakini niliona aibu kwa lile kofi, wanangu, aibu tu, si kitu kingine, na nikachonga kipimo kipya kimyakimya na zile za tangu Pasaka nikaziacha. Mia na ishirini zilikuwa zimekwisha kutoka. Makatoni tisa yalikuwa yamebaki, nikayasukuma nyuma ya stoo.

Akot, unamkumbuka Docus, fundi cherehani wa Lubaga, aliyekushonea sare yako ya kwanza ya shule ukakataa kuivua usiku. Nyumba yake iliungua mwezi wa nane. Yeye alitoka, mama yake mzee hakutoka. Mnajua watu walivyosema, kwamba Docus aliacha pasi ikiwaka, na yeye mwenyewe akakubali, akasema labda ni kweli, labda alisahau. Mimi nilikwenda kutoa pole. Nilipita kando ya ukuta nikaiona, konekta yangu, muhuri wa Otema bado unasomeka, na pini ya sita imekuwa nyeusi kama kijinga cha moto. Niliing'oa. Nikaiweka mfukoni. Kisha nikaenda kukaa kando ya yule mwanamke nikamshika mkono, naye akaniambia, "Pasi yangu imemuua mama." Nikamwambia pole. Nikamwambia ni mapenzi ya Mungu! Nimemsikia akisema maneno hayo ya pasi tena na tena, kanisani, dukani, na kila mara nimenyamaza, na kila mara kifua hiki kilibana kabla daktari hajakiandikia ugonjwa. Mficha uchi hazai, na mimi nimeficha mpaka mtu amezikwa.

Tangu siku hiyo nilizunguka. Mlidhani muzei anakwenda kucheza ludo na wastaafu wenzake. Nilikuwa juu ya boda, nyumba kwa nyumba, na maduka ya kule Owino, nikiwadanganya watu kwamba natoa konekta mpya bure kwa wateja wa zamani. Wengine walinishukuru, wakanipa chai. Nimerudisha arobaini na moja. Halafu mapafu yakakataa ngazi, yakakataa boda, yakakataa hata kwenda chooni.

Ngojeni. Ngojeni nivute kwanza.

Kale, haya. Sasa ile harufu. Nilipoletwa nyumbani na mashine hii, nilikuomba wewe Odyek unifungie konekta moja kutoka stoo, hapa ukutani, juu ya kichwa changu, nayo iiendeshe mashine. Ukacheka, ukasema muzei anataka kulala na kazi yake. Nilitaka kujua inachukua muda gani. Mwanamume aliyeziacha katika nyumba za watu naye alale chini ya moja. Ilikaa kimya miezi minne. Jumapili ikaanza kunuka. Leo asubuhi nimeipandishia mkono nikashindwa kuuacha hapo hata nusu dakika kwa joto. Kwa hiyo sasa najua, na ninyi mnajua: yenye mzigo mdogo kama wa mashine hii inastahimili miezi minne, yenye mzigo mkubwa haifiki hapo. Zile nyingine zipo huko zikiendesha friji, na majiko, na pasi, na watu wanalala chini yake.

Akot, usilie, fanya kazi. Kuna mtungi mdogo wa hewa chini ya kitanda, nesi wa hospitali aliuacha. Niunganishie huo. Ndiyo. Sasa nenda kwenye swichi kubwa, zima nyumba nzima, usiguse ukuta kabla hujazima.

Mnasikia kulivyo kimya.

Chukua bisibisi, fungua kifuniko. Polepole. Tazama ya sita. Usinieleze, naijua. Iweke ndani ya ule mkebe wangu wa chai pamoja na zile nyingine na uandike arobaini na mbili.

Haya ndiyo mtakayofanya, na mtungi huu ni mdogo, kwa hiyo mniangalie mdomo. Kwanza, leo hii mwende kwa Sadik, kule Nateete, mpige magoti wote wawili kwa niaba yangu. Mwambieni ile mashine ya kubonyeza pini ni yake, na kipimo kipya ni chake, na kila asubuhi amkabidhi mtu mwingine akikague. Anaijua mitaa, mafundi wote ni rafiki zake, atawasaidia kutafuta zilizobaki. Pili, mwende kwa Docus na ile konekta nyeusi niliyoing'oa kwake, mumwekee mkononi, mumwambie, si pasi. Akiwatukana, mtukanwe. Akiwapeleka polisi, mwende. Jina langu liacheni lianguke, limeshakuwa zito kuliko mimi. Tatu, yale makatoni tisa, myatoe uani na kuyaponda kwa nyundo, moja moja, mpaka —

Odyek. Mbona umerudi mlangoni?

Nitazame. Makatoni ni mangapi kule stoo?

Sema kwa sauti, masikio yamekuwa mazito.

Nane.

Uliuza katoni moja Ijumaa? Nilikuwa nimelala, ndiyo, nilikuwa nimelala, na wewe ulikuwa unataka pesa ya dawa ya baba yako. Nimekuelewa. Sikukasirikii wewe, ni mimi niliyeyaweka bila kuyapa jina. Kwa nani, mwanangu?

Bweni. La wasichana. Lile jipya la ghorofa, hapo chini barabarani.

Zimefungwa tayari? Tangu Jumamosi. Na wapishi wao wanatumia majiko ya umeme.

Basi unasimama nini hapa? Toka! Toka, kimbia, usichukue boda, magari yamejaa, kimbia kwa miguu, mwambie mlinzi azime umeme wa jengo zima, akikataa vunja kisanduku, useme ni Otema aliyesema. Usiningoje. Usingoje nikubariki, nitakubariki ukiwa njiani. Nenda!

Amekwenda? Nasikia geti. Amekwenda.

Akot, lete mikono. Kwetu mzee humtemea mwanawe mate kiganjani, yawe baridi, maisha yake yawe baridi, lakini mashine imenikausha, sina mate. Chovya pamba katika kile kikombe cha maji. Niguse nayo midomo. Hivyo.

Kiganja hiki cha kushoto ni chako. Ukae na amani, usiogope ukoo, usifiche kitu ambacho kinaweza kuunguza mtu mwingine.

Cha kulia ni cha ndugu yako. Nimemtemea, umeona, nimemtemea kweli. Ufunge mkono. Usishike kitu kwa mkono huo, usinifunge macho kwa huo, tumia wa kushoto. Ushike hivyo hivyo mpaka arudi... akuambie wasichana wangapi... wametoka wote... Sikiliza barabarani, mama. Mimi sisikii tena. Unasikia nini?