Likizo ya Kemunto Kisiwani Santorini

Ilitangazwa rasmi, kwa Kiarabu kisha kwa Kiingereza, kwamba treni ya kuelekea Olaya, jijini Riyadh, ilikuwa imesimama, jambo ambalo abiria walikwisha kulibaini. Kemunto, yaya kutoka Nyamira, Kenya, aliutumia utulivu huo kumweleza Awino, msafishaji wa ofisi aliyeketi kando yake, yaliyomsibu. Madamu, mwajiri wake, alikuwa ameamua kwamba siku kumi za kuwalea watoto wake watatu katika kisiwa cha Wagiriki ndizo zitakazohesabiwa kuwa likizo ya Kemunto ya mwaka. Mwanawe mwenyewe, aliyemwacha Nyamira, hakuwa amemwona kwa miaka miwili.

"Na amenipa fomu," alisema. "Ati nichague mahali ningependa kutembelea huko, kisha niweke sahihi."

"Usichague, dadangu! Ukichagua, hiyo ni likizo, halas, imekwisha."

"Nisipochagua ataniandikia kanisa lenye kuba la buluu. Ni ngazi mia tatu, na huyo mdogo hubebwa."

"Basi andika ufuo."

"Nani atawatoa majini?"

"Volkano je? Hakuna mama hupeleka watoto kwa volkano."

"Ashawakatia tiketi."

Awino aliishiwa na Ugiriki. Treni ikaondoka. Kemunto alitoa kalamu, akaandika NYAMIRA kwa herufi kubwa, akaipiga fomu picha na kuituma. Aliichungulia simu vituo viwili vizima.

Jibu liliingia treni iliposimama Olaya. Madamu aliarifu kwamba Nyamira imeidhinishwa katika ratiba ya kisiwani: siku ya nne, saa tisa alasiri, kwa muda wa saa mbili, pamoja na watoto, na viatu vya kupandia ngazi ni lazima.